Risala ya Kikundi cha Kitalu cha Miche kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wetu na ndugu wananchi, mbukwenyi!

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu.

Kikundi chetu kilizaliwa baada ya kampeni ya Dodoma ya Kijani ya mwaka 2017, kikiwa na akina mama wachache na toroli la kuazima. Leo kitalu hiki ni tegemeo la kata nzima. Shule ya msingi ina kivuli, zahanati ina miembe, na vijana wetu ni mabingwa wa kubebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine.

Mheshimiwa, tuingie kwenye suala la mianzi.

Tangu Serikali ihamie Dodoma, nyumba mpya zimejaa kila upande na kila mwenye nyumba anataka uzio wa kijani. Kando ya barabara anauziwa mwanzi bila kuambiwa ni wa aina gani. Ule unaokaa kwenye kichaka chake hatuna ugomvi nao. Unashika kingo za korongo na kutupatia fito. Tunaoulalamikia ni unaotambaa, hasa mwanzi wa dhahabu wenye asili ya China, ambao wataalamu huuita Phyllostachys aurea. Mashina yake hupita chini ya ardhi kufuata unyevu, na kwetu unyevu uko kwenye mizabibu na bustani za mboga. Ukiukata unachipua. Ukichimba ukaacha kipande chenye jicho, unaanza upya. Mwenzetu mmoja, mjane, kila msimu anang'oa machipukizi katikati ya mizabibu yake, na hana kifungu cha sheria cha kumwonyesha jirani aliyeupanda.

Kulidhibiti hili kwa sheria kunawezekana. Jimbo la Connecticut, Marekani, lilitunga sheria mwaka 2013: mwanzi unaotambaa usipandwe ndani ya futi 40, kama mita 12, kutoka mpaka wa jirani bila kizuizi, na muuzaji amweleze mnunuzi kwa maandishi. Kwetu, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, inaruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo.

Tunaomba sheria ndogo hiyo: umbali kutoka mpakani, kizuizi cha kufukiwa, muuzaji kutaja aina ya mche, na aliyepanda kugharamia kung'oa kilichovuka.

Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa, ombi hili si geni. Wageni rasmi waliokutangulia walilipokea kwa makofi, wakaahidi, wakaondoka. Mapendekezo tuliyoyapeleka ofisini tunayo nakala yake, ina mhuri wa kupokelewa, na hatujajibiwa hata kwa barua ya kutukatalia. Tumekuandalia nakala nyingine. Hatuombi fedha wala matenki ya maji. Tunaomba kabla hujaondoka hapa ututajie tarehe ambayo mapendekezo haya yatafika Baraza la Madiwani, na iwe kabla ya mvua za Desemba, maana hapo ndipo miche inapouzwa kwa wingi.

Tunaomba kuwasilisha.