Swali la usingizi baada ya upasuaji wa moyo

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa Kayole. Mwaka jana nilipasuliwa moyo, nikawekewa vali bandia, yaani kilango cha kupitishia damu ndani ya moyo, badala ya ile iliyoharibiwa na homa ya rumatiki niliyougua utotoni. Kuhusu kidonda nilielezwa vyema: mfupa wa kifua umefungwa kwa waya, nisinyanyue hata mtungi wa maji, na vidonge vya warfarini, vya kuzuia damu isigande, nitameza maisha yangu yote. Kuhusu usiku, sikuambiwa lolote.

Vali hiyo hulia. Ti, ti, ti, kama saa ya ukutani. Nyumba ikitulia hata mke wangu huisikia. Nilikuwa nikilala naihesabu, nikiogopa kwamba nikisinzia itanyamaza. Siku moja nililia kwa sababu ya ugali ulioungua! Majirani wakisema, "Shukuru Mungu, umepona," naona haya kusema sina raha.

Nilipoenda kliniki kupimwa damu, nesi mmoja aliniuliza, "Na usingizi je, mzee?" Machozi yakanitoka. Akaniambia huzuni baada ya upasuaji wa moyo huwapata wengi, na inatibika. Akanikutanisha na mama wa Githurai aliyewekewa vali zamani. Yule mama alicheka: "Mimi siku hizi nisipoisikia ndio silali."

Naomba hospitali zetu zituulize swali hilo la usingizi kabla ya kuturuhusu kwenda nyumbani, na tena tukirudi kliniki. Halimalizi hata dakika.

Fundi cherehani,
Kayole, Nairobi