Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Somo la Liszt na Hoja ya Ada ya Mafunzo

Ndugu wanachama, walimu wa kwaya na wapiga kinanda wa Mtwara mjini, Mikindani, Ndanda na Masasi, nawasalimu na kuwashukuru kwa kufika.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada nyingi ziliingia baada ya minada ya korosho, kama kawaida yetu, na kwamba mahudhurio yalipungua wakati wa masika. Vinanda vya chama vilivyoharibiwa na chumvi ya upepo wa bahari vimetengenezwa. Waliovibeba hadi kwa fundi na kuvirudisha, ahsanteni sana.

Nataka nikae zaidi kwenye somo letu la mwaka, yaani kazi za Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi wa muziki wa Hungaria wa karne ya 19. Tulimchagua kwa sababu alizifanya zote tatu tunazozifanya sisi: kupiga, kuongoza na kufundisha.

Alizaliwa mwaka 1811 kijiji cha Raiding, wakati huo Hungaria, leo Austria. Baba yake, mtumishi katika mashamba ya kabaila, ndiye aliyemwanzisha piano. Walipohamia Vienna, Carl Czerny, aliyekuwa mwanafunzi wa mtunzi Beethoven, alimfundisha bila kumtoza. Kumbukeni hilo, nitalirudia. Mwaka 1827 baba alifariki, na kijana wa miaka 15 akabaki Paris akifundisha piano ili yeye na mama yake wapate kula. Baadaye akazunguka Ulaya nzima akijaza kumbi, hadi mwaka 1847, akiwa na miaka 35 tu na jina lake likiwa juu kabisa, alipoacha kupiga kwa malipo.

Mwaka uliofuata alihamia Weimar, mji mdogo wa Ujerumani wenye okestra ndogo. Hapo ndipo viongozi wa kwaya tunapaswa kumsoma kwa makini. Mwaka 1850 aliongoza onyesho la kwanza la opera (igizo la kuimbwa) ya Lohengrin ya mtunzi Mjerumani Richard Wagner, ambaye mwenyewe alikuwa uhamishoni na hakuweza kuhudhuria. Na mwaka 1853 aliandika kwamba waongozaji ni washika usukani, si wapiga makasia. Aliyewahi kupanda jahazi hapa kwetu hahitaji kufafanuliwa. Bado wengi wetu tunahesabu mapigo kwa mkono mgumu mwanzo hadi mwisho, kwaya inafika pamoja lakini wimbo haupumui. Katika mazoezi ya Pasaka niliona wachache mkianza kuongoza sentensi ya muziki badala ya kuhesabu tu, na tofauti ilisikika, hasa kwa sauti ya besi.

Kuanzia 1869 aligawa mwaka wake kati ya Roma, Weimar na Budapest, na mwaka 1875 akawa rais wa kwanza wa chuo kipya cha muziki cha Budapest. Alifundisha hadi alipokaribia kufa, mwaka 1886. Weimar wanafunzi walikusanyika chumba kimoja: mmoja anakaa kwenye piano, wengine wanasikiliza, mwalimu anasahihisha mbele ya wote. Aliyekuja na vidole visivyojiandaa aliambiwa akafue nguo chafu nyumbani kwake, yaani akafanye mazoezi kwanza. Hakudai ada. Alichopewa bure na Czerny alikitoa bure.

Hapa ndipo ninapofika kwenye hoja. Tuna vijana wanaosoma solfa (noti za do, re, mi) vizuri lakini wanakaa nje ya mafunzo yetu ya kinanda kwa kukosa fedha. Inaniuma kila ninapowaona dirishani. Napendekeza ada ya mafunzo kwa vijana iondolewe, na tufundishe kwa mtindo wa Weimar, darasa moja la pamoja Jumamosi, maana vinanda ni vichache na mwalimu mmoja anaweza kusikilizwa na wengi. Kwenye kamati wapo waliopinga, na wana hoja: Liszt alikuwa ameshachuma jukwaani, walimu wetu hawajachuma. Kwa hiyo nauli na chakula cha mwalimu vitoke kwenye michango ya wanachama, na atakayetoka Masasi au Ndanda alipwe nauli kabla ya safari.

Naomba hoja hii ijadiliwe na kupigiwa kura leo, kabla ya uchaguzi wa kamati, ili viongozi wapya waanze na uamuzi mkononi.