Petroli ya Kawaida au ya Oktani ya Juu: Ushauri kwa Wenye Magari ya Kifahari Mwanza

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, simu za wateja huongezeka hapa gerejini kwetu Nyakato, na wengi wa wanaopiga ni wenye Range Rover, BMW X5, Lexus na Harrier. Wanataka kujua kama gari la thamani hiyo linaweza kutiwa petroli ya kawaida bila madhara, au mwenye gari anapaswa kutafuta ile inayouzwa ghali zaidi kwa jina la daraja la juu. Tumeona ni vyema tulijibu swali hili kwa maandishi, kwa kuwa maelezo ya kwenye simu huwa mafupi mno, na kwa sababu hiyo wapo waliotoa fedha nyingi bila sababu, na wapo pia waliobana fedha kidogo wakaja kulipia plagi na pistoni.

Bei ya gari haisemi lolote kuhusu petroli inayolifaa. Kinachosema ni injini iliyomo, na mtengenezaji ameshayaandika mahitaji yake katika kitabu cha gari na, mara nyingi, kwenye kibandiko kilichopo upande wa ndani wa kifuniko cha tangi. Prado yenye injini ya petroli ya lita 2.7, gari ambalo familia nyingi hapa mjini zinalihesabu kuwa la kifahari, ilitengenezwa kutumia petroli ya kawaida hata huko Japani. Harrier ya lita 2.0 isiyo na turbo ni vivyo hivyo. Lakini Harrier ya turbo iliyoanza kuuzwa mwaka 2017, ambayo kwa nje inafanana sana na nduguye, mtengenezaji aliiagizia petroli ya oktani ya juu. Mtu anayenunua kwa kutazama umbo la gari na rangi yake hawezi kuijua tofauti hiyo mpaka afungue kifuniko.

Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kujiwakia yenyewe. Pistoni inapopanda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi hutoa cheche, na moto husambaa kwa mpangilio kutoka kwenye plagi kuelekea kwenye kuta za silinda. Endapo petroli ina oktani ndogo kuliko injini inavyohitaji, sehemu ya mchanganyiko iliyopo pembeni, ikiwa imebanwa na kupashwa joto kupita kiasi, hulipuka kabla moto wa plagi haujaifikia. Mgandamizo hupanda ghafla, na dereva husikia mlio wa kugongagonga, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, hasa anapopanda mlima wa Bugando au Isamilo akiwa na abiria wengi na gia kubwa. Injini zenye turbo au supachaja hubana hewa kabla haijaingia kwenye silinda, na ndiyo maana nyingi kati yake zinadai petroli yenye oktani kubwa zaidi.

Oktani haipimi nguvu iliyomo katika petroli, wala haipimi usafi wake. Lita moja ya petroli ya oktani 98 haina nishati kubwa kuliko lita moja ya oktani 91 kwa namna ambayo dereva ataihisi, na injini iliyobuniwa kwa petroli ya kawaida haina namna ya kufaidika na uvumilivu ambao haiuhitaji. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kililipima jambo hili mwaka 2016 na hakikuona faida yoyote ya maana kwa magari yaliyotengenezwa kutumia petroli ya kawaida. Mwaka uliofuata kilipima magari ambayo watengenezaji wake wanapendekeza petroli ya juu bila kuilazimisha, na hapo faida ilionekana, ingawa ni ndogo: kwa wastani matumizi ya mafuta yaliboreka kwa asilimia 2.7 na nguvu ikaongezeka kwa asilimia 1.4. Mteja anaweza kujipigia hesabu mwenyewe. Tuseme tofauti ya bei ni shilingi 300 kwa lita na tangi lake linabeba lita 80. Atakuwa ameongeza shilingi 24,000 kila anapojaza, na kwa gari lisilohitaji petroli hiyo hakuna kitakachomrudia.

Kwa hiyo tunawaomba wateja watofautishe maneno mawili wanaposoma kitabu cha gari. Kikisema petroli ya oktani fulani inapendekezwa, gari litatembea salama kwa oktani ya chini kidogo, kwa kiwango ambacho kitabu hichohicho kinakitaja kuwa cha mwisho, kwa sababu lina sensa inayosikiliza mlio wa kugonga na kompyuta inayochelewesha taimingi ya cheche, yaani wakati plagi inapotoa cheche, mara tu mlio unapoanza. Utapoteza nguvu kidogo na utakula mafuta zaidi kidogo, basi. Kikisema petroli hiyo inahitajika, ni lazima uitumie, na sensa ichukuliwe kuwa kinga ya dharura tu. Gari linaloendeshwa miezi kadhaa huku kompyuta ikirudisha taimingi nyuma kila wakati hupata joto kupita kawaida, na tukifungua plagi zake tunakuta vidoa vidogo vyenye kung'aa kwenye kauri nyeupe, ambavyo ni aluminiamu iliyobanduka kutoka juu ya pistoni. Fundi akishaviona vidoa hivyo hana haja ya kuuliza mengi.

Namba zenyewe zinahitaji uangalifu, maana hapa ndipo wateja wengi wanapotelezea. Ulaya na Japani hutumia kipimo kinachoitwa RON, wakati Marekani huandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili, RON na MON, na wastani huo huwa mdogo kwa namba nne au tano hivi kwa petroli ileile. Petroli ya 87 ya Marekani inakaribia 91 au 92 ya RON. Ile ya 91 inakaribia 95 au 96. Na ya 93 inakaribia 98. Mtu aliyeagiza Lexus au Cadillac iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, akakuta kibandiko kinasema 91, asidhani kwamba petroli ya RON 91 itamfaa, kwa sababu gari lake linataka takriban RON 95. Magari ya Ulaya kwa kawaida huandika RON 95 au 98 waziwazi. Yale ya Japani huwa na kibandiko cha Kijapani, na simu yoyote yenye programu ya kutafsiri picha itakisoma. Ukishindwa, tutumie picha kwa WhatsApp, tutakusomea bila malipo. Japani yenyewe ina madaraja mawili tu, la kawaida ambalo viwango vyao vinataka lisipungue RON 89, na la juu lisilopungua RON 96, kwa hiyo gari la Kijapani lililoandikiwa petroli ya kawaida halina sababu ya kubembelezwa na petroli ghali.

Mazingira yetu nayo yana neno lake katika jambo hili. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya nane. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo zaidi huku kwetu, mgandamizo ndani ya silinda hupungua, na hatari ya kugonga hupungua nayo. Kwa sababu hiyohiyo vituo vya majimbo ya milimani ya Marekani, kama Colorado, huuza petroli ya 85 kwa kipimo chao kuwa ndiyo ya kawaida. Injini ya turbo haipati nafuu hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa turbo huifidia hewa iliyopungua. Tunalitaja hili kwa ajili ya wateja wanaosafiri na magari yao hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100: gari lililokuwa kimya Mwanza linaweza kuanza kugonga likifika pwani, kwenye hewa nzito na joto kali, likiwa na petroli ya oktani ileile. Hilo si ugonjwa mpya, na usikubali kuuziwa vipuri kabla petroli haijachunguzwa.

Hata hivyo, kwa uzoefu wetu, magari ya kifahari yanayoletwa hapa yakiwa na matatizo ya mafuta mara nyingi hayajaharibiwa na daraja la petroli. Yameharibiwa na petroli isiyo safi. Petroli yetu huagizwa nchini kwa utaratibu wa pamoja, bei kikomo ya petroli hutangazwa moja bila kugawanywa kwa madaraja, na vituo viwili vyenye majina tofauti vinaweza kuwa vimechota kwenye shehena moja iliyoingia bandarini. Tofauti kubwa huanza baada ya hapo: kwenye lori, kwenye tangi la chini ya kituo, na kwenye mikono ya watu. Wengi tunakumbuka jinsi uchakachuaji ulivyokithiri wakati mafuta ya taa yalipokuwa na bei ndogo, mpaka serikali ikapandisha ushuru wake mwaka 2011 ili kuondoa kishawishi hicho. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, na kiasi kidogo tu kikiingizwa kwenye petroli kinatosha kuishusha chini ya mahitaji ya injini ya turbo, bila kujali jina lililoandikwa kwenye pampu.

Lipo jambo la huku ziwani ambalo miongozo ya magari haiwezi kulijua. Kwenye mialo na visiwani, petroli nyingi huuzwa kwa vidumu kwa ajili ya injini za boti, na injini nyingi za boti hizo hutumia petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili. Mteja mmoja mwenye Range Rover Sport aliishiwa mafuta akiwa safarini upande wa visiwani, akanunua vidumu viwili mwaloni, na alipotufikia gari lilikuwa likitoa moshi wa buluu na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Tulipomimina mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo nyeupe yalionekana na rangi isiyo ya petroli ya kawaida, na tone lake lilipokauka kwenye karatasi liliacha duara la mafuta. Plagi zote zilikuwa na utando mweusi wenye unyevu. Oili ndani ya petroli hushusha oktani, huchafua plagi, na ikiendelea kwa muda mrefu huiharibu katalisti iliyomo kwenye ekzosi kwa ajili ya kusafisha moshi, ambayo kwa gari kama lile ni kipuri cha bei kubwa sana. Tulimwaga mafuta yote, tukabadilisha plagi, na kwa bahati njema katalisti ilikuwa bado nzima.

Kuhusu chupa za kuongeza oktani zinazouzwa madukani, ushauri wetu ni kuziacha. Kibandiko kinachoahidi pointi kumi kwa kawaida kina maana ya namba moja nzima tu ya oktani, na nyingi kati ya dawa hizo zina manganizi, ambayo huacha utando wa rangi ya kutu kwenye plagi. Petroli yenye dawa ya kusafisha ni kitu kingine: ina manufaa ya kweli kwa nozeli, na tunaikubali pale inapopatikana kwa bei ya kuridhisha, ilimradi mteja aelewe kwamba dawa hiyo haiongezi oktani, na kwamba katika injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama nyingi za BMW na Range Rover za miaka ya karibuni, petroli haigusi valvu za kuingizia hewa, hivyo haiwezi kuziondolea kaboni. Kazi hiyo hufanywa kwa kufungua na kusafisha kwa mkono.

Mwenye gari linalohitaji oktani ya juu na anayeishi hapa Mwanza tunamshauri achague kituo kimoja chenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai muda mrefu tangini, na amwombe msimamizi amwoneshe hati ya ubora ya shehena, ambamo namba ya RON huandikwa. Adai risiti kila mara. Asijaze mafuta wakati lori linashusha, kwa kuwa maji na takataka za chini ya tangi huwa zimevurugwa, na awe mwangalifu zaidi wakati wa masika. Akilazimika kutia petroli ya chini akiwa njiani kuelekea Musoma au Geita, atie kiasi cha kumfikisha tu, apande milima kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, kisha ajazie petroli bora mapema iwezekanavyo, kwa sababu petroli mbili zikichanganyika oktani yake huwa katikati ya hizo mbili.

Hapa gerejini tunafanya uchunguzi wa mafuta na plagi kwa miadi, na tunasoma kwenye kompyuta ya gari ni kwa kiasi gani taimingi imekuwa ikirudishwa nyuma. Ukipanga kuja, usijaze tangi siku hiyo. Robo tangi inatosha, na njoo na risiti ya mafuta uliyotia mara ya mwisho, ili ikibainika kwamba tatizo ni petroli uwe na cha kumwonesha aliyekuuzia.