Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kuzicheka Nadharia za Uhalisia

Ndugu wanachama,

Katika mwaka tunaoufunga leo, chama chetu cha wasomaji kilikutana kila mwezi, isipokuwa Ramadhani, kwa kazi moja mliyoiagiza: kusoma jinsi watu walivyozifanyia dhihaka nadharia kubwa za falsafa kuhusu uhalisia wa ulimwengu, na kupima ni dhihaka ipi iliyostahili.

Jiwe moja lilituchukua muda mrefu kuliko yote. Mwaka 1710 mwanafalsafa George Berkeley wa Ireland aliandika kwamba hakuna maada nje ya akili, na kwamba kuwapo kwa kitu ni kutambuliwa kwake. Mwaka 1763, huko Harwich, Uingereza, James Boswell alimwambia rafiki yake, mwandishi Samuel Johnson, kuwa nadharia hiyo si ya kweli lakini haikanushiki. Johnson akalipiga teke jiwe kubwa kwa nguvu hata mguu ukamrudi, akasema, "Naikanusha hivi." Mwenzetu mmoja, kwa kumuunga mkono, aligonga meza kwa ngumi, kahawa ikamwagika, akatuuliza kama nayo imo akilini tu. Hapo ndipo mjadala ulipopamba moto, maana Berkeley hakukana kwamba jiwe ni gumu wala kwamba kahawa inaunguza. Alichokana ni maada iliyojificha nyuma ya ugumu na joto tunavyovihisi. Maumivu ya mguu wa Johnson nayo ni hisia, na hisia Berkeley alikwisha kuzikubali. Baada ya vikao vitatu niliridhika, na ningali naamini, kwamba teke lile lilikosa shabaha.

Voltaire, mwandishi wa Ufaransa, alilenga vizuri zaidi. Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, alikuwa amefundisha kwamba ulimwengu huu ni bora kuliko wowote ambao ungeweza kuwapo, kisha tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi likaubomoa mji wa Lisbon, Ureno. Katika hadithi aliyoitoa mwaka 1759, Voltaire anamleta mwalimu Pangloss, ambaye, mtu mwema anapozama katika ghuba ya mji huo, anamzuia mwanafunzi wake asijitose kumwokoa, akimthibitishia kuwa ghuba iliumbwa makusudi ili mtu yule azame humo. Tulipousoma ukurasa huo kwa sauti, ukumbi ulinyamaza kwanza. Kinachochekwa hapo ni fikra inayomfunga mtu mikono wakati mwenzake anakufa maji. Hata hivyo walisema kweli wale waliokumbusha kwamba Leibniz mwenyewe aliukataa uvivu wa kuacha kutenda kwa kisingizio cha majaaliwa.

Kwa sababu hiyo kamati iliamua kwamba anayetaka kuicheka nadharia kikaoni aieleze kwanza, hata anayeitetea akiri, "Ndivyo hasa." Wapo waliolalamika kuwa utaratibu huu unaua kicheko. Sikubaliani nao, kwani siku tuliyocheka sana ni ile ambayo kila aliyekuwapo alikuwa amekwisha kuielewa hoja.

Hesabu za ada atazisoma mweka hazina.

Mwaka ujao tutaanza na wanafalsafa wawili wa Ugiriki ya kale: Zeno, aliyedai kuwa Akile, shujaa wa hadithi za Kigiriki, pamoja na mbio zake zote, hamfikii kobe aliyetangulia, kwa kuwa kila afikapo pale kobe alipokuwa, kobe amekwisha kusogea mbele kidogo, na Diogenes, ambaye husimuliwa kwamba alipomsikia mtu akikana kuwapo kwa mwendo, aliinuka akatembea. Naomba kila mmoja aje akiwa amejaribu, kwa kalamu na karatasi, kuonyesha ni hatua ipi ya hoja ya Zeno yenye kasoro.