Barua ya wazi kwa Mshauri wa Wanafunzi: malalamiko yetu yanaishia mikononi mwa tunaowalalamikia

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mwaka mzima uliopita nilikuwa katibu msaidizi wa klabu yetu ya kujitolea, ile inayokwenda kufundisha watoto kusoma katika shule za msingi huko Mkuranga. Jina la klabu silitaji hapa, wala majina ya viongozi wake. Ofisi yako inaifahamu, na nia yangu si kumwaibisha mtu. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezipita zote, na kila moja ilinirudisha pale pale nilipoanzia.

Naanza na mwenzetu mmoja. Ni kiziwi, na ameridhia nieleze yaliyompata. Kabla ya safari ya mwaka jana alikaa siku nne bwenini akichora chati za silabi kwenye maboksi aliyoyaokota dukani: ba na picha ya bata, be na beseni, bi na bibi aliyevaa kanga, bo na boga. Usiku wa kuamkia safari orodha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Jina lake halikuwamo. Nilipouliza nikaambiwa hakuna mkalimani wa lugha ya alama, na kwamba atatuchelewesha. Alfajiri chati zake zikapakiwa kwenye basi, yeye akabaki. Kule shuleni watoto walizing'ang'ania chati zile kuliko kitu kingine chochote tulichopeleka, na picha yao wakiwa wamezizunguka ndiyo iliyowekwa kwenye ripoti ya mwaka ya klabu.

Hakuna aliyemuuliza kama anamhitaji mkalimani. Angeulizwa, angeeleza kwamba ameshawahi kufundisha watoto wadogo kijijini kwao kwa ubao, picha na mikono, na wakamwelewa.

Aliandika barua ya malalamiko, kurasa mbili kwa mkono, akaniletea mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa napokea barua. Hapa, Mama, pana kosa langu pia. Niliipeleka kwa mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye aliyepanga orodha ile. Akaisoma kwa sauti katika kikao cha kamati, jina na yote, mbele ya kila aliyetajwa ndani yake. Wakasema amekuza mambo. Nami nikaandika kwenye muhtasari kwamba malalamiko yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Juma lililofuata aliondolewa kwenye kundi, eti anachafua taswira ya klabu. Muhtasari ule una saini yangu, na sijaweza kuusahau.

Wahenga walituonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere, lakini katiba ya klabu yetu inatuelekeza huko huko: lalamiko liandikwe kwa katibu, katibu amkabidhi mwenyekiti, mwenyekiti aliwasilishe kwenye kamati. Mlango wa pili haupo. Sanduku la maoni lipo nje ya ofisi ya klabu, limepakwa rangi ya bluu, lakini ufunguo wake unakaa kwenye droo ya mwenyekiti.

Baada ya kisa kile wengine wakaanza kunifuata jioni, kimyakimya, kila mmoja akianza na "usiseme nimekwambia". Nikarudi kwenye madaftari ya mihutasari na orodha za safari nilizozitunza mwenyewe. Wasichana tuko zaidi ya nusu ya wanachama, lakini safari baada ya safari tunapangiwa kupika, kuandikisha mahudhurio na kutunza mizigo, huku waliosimama ubaoni wakiwa karibu wote ni wavulana. Mwanachama ambaye fedha za mkopo hazijamwingia, akashindwa kutoa mchango wa nauli kwa tarehe iliyopangwa, huachwa hata kama alihudhuria mafunzo yote. Wapo pia wanaosema kwamba orodha hufuata mkoa wanakotoka viongozi. Hilo sina ushahidi nalo wa kutosha. Nalitaja ili lichunguzwe, si ili liaminiwe.

Ukilalamika, jibu linalokuja mbele ni hili: si umejitolea mwenyewe? Hulipwi, hukulazimishwa, usiporidhika toka. Nimelisikia mara nyingi mpaka nikakaa nikalitafakari. Aliyejitolea ametoa muda wake na jasho lake. Hakusaini popote kwamba atawekwa kando kwa sababu ya masikio yake au kwa sababu ni msichana. Tena klabu hizi si za kupitishia jioni tu. Mhitimu asiye na uzoefu wa kazi huenda kuomba ajira akiwa na cheti cha kujitolea na barua ya mlezi wa klabu. Aliyeachwa siku ya Mkuranga hana la kueleza siku ya usaili, na msichana aliyepika safari zote atasema nini akiulizwa amewahi kufundisha wapi?

Mlezi wa klabu nilimfuata pia, mara mbili. Alinipokea vizuri, akanishauri tumalizane kifamilia. Mama, thamani ya kumalizana naijua. Nimekulia mahali ambapo ugomvi wa majirani uliishia barazani, chai ikiwa mezani. Lakini pale barazani kulikuwa na mtu wa tatu asiyekuwa na upande, na aliyekosewa ndiye aliyepewa nafasi ya kusema kwanza, wengine wakamsikiliza mpaka amalize. Kwetu hapa chuoni neno hilo limegeuka: kumalizana ni aliyeumia anyamaze, arudi kwenye picha ya pamoja, acheke. Ndiyo maana waliokuja kwangu jioni hawataki majina yao yaandikwe. Wamekwisha kuona mwenzao alivyomalizwa.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, katika ibara ya 13, inapoeleza maana ya kubagua inataja kabila, pahala mtu alipotokea, dini, jinsia na hali ya maisha. Neno jinsia halikuwamo tangu mwanzo. Liliongezwa katika mabadiliko ya 2000. Kwa upande wa ulemavu tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na mwaka mmoja kabla yake nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mkataba ule unasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yasiyo mzigo kupita kiasi, nako ni kubagua. Kumtafuta mkalimani wa siku moja si mzigo kupita kiasi, achilia mbali daftari na kalamu. Sidai kwamba kamati ya klabu ni mahakama. Nasema tu kwamba wanafunzi wa chuo kikuu wanaojiita watumishi wa jamii hawawezi kuishi chini ya kiwango ambacho nchi imejiwekea.

Ninachoomba kinaanza ofisini kwako. Mteue mtu nje ya klabu wa kupokea malalamiko ya wanachama, na jina lake libandikwe kwenye ubao wa matangazo ili hata wa mwaka wa kwanza amjue. Anayeleta lalamiko apewe karatasi yenye tarehe kuthibitisha kwamba limepokelewa, na aambiwe atajibiwa lini. Karatasi hiyo ingemsaidia sana mwenzetu: leo akiulizwa ushahidi kwamba lalamiko lake lilipokelewa, hana ila muhtasari niliouandika mimi. Aliyetajwa asikae kwenye kikao kinachomjadili, ila asikilizwe kikamilifu. Hii ni haki yake, na kama hakukosa ndiyo njia ya kumsafisha mbele ya wote badala ya kuachiwa minong'ono ya bwenini. Ufunguo wa sanduku uhamie kwenu. Na mambo yanayogusa jinsia yasisubiri huruma ya kamati, yaende moja kwa moja kwenye dawati la jinsia la chuo.

Zaidi ya yote, aliyelalamika asiguswe. Asiondolewe kwenye kundi wala orodha, na cheti chake kisicheleweshwe. Hapa naomba msimamo wako uwe wa maandishi, kwa sababu taratibu nyingine zote hazitatumika kama mtu anajua kwamba kesho yake atatengwa.

Baadhi ya viongozi ninaowazungumzia ni rafiki zangu. Tumelala sakafuni pamoja katika madarasa ya vijijini, tumegawana mkate mmoja watu sita. Nawajua kuwa wana moyo wa kazi, na ndiyo sababu naumia nikiona wanavyowafanyia wenzao. Nilinyamaza mwaka mzima nikidhani naulinda urafiki huo.

Safari nyingine inapangwa mwezi ujao na orodha bado haijatoka. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuja ofisini kwako na nakala ya barua yake ya kurasa mbili, pamoja na mihutasari yote niliyo nayo. Mwenyewe amekubali kuja nami. Mkalimani nimeshampata.

Wako mtiifu,
Aliyekuwa katibu msaidizi wa klabu