Jumamosi: Diski pale Maple Hill

Habari zenu wote. Jumamosi tukacheze gofu ya diski, yaani kurusha diski mpaka iingie kwenye kikapu. Tukutane Maple Hill, Leicester, Massachusetts, saa tatu kamili asubuhi, si ile saa tatu ya harusi zetu. Kwa ambao hawajafika, ni lile shamba la miti ya Krismasi, si mbali na Worcester.

Uwanja ni wa kulipia, kwa hiyo kila mtu alipe kiingilio chake kabla ya kurusha. Habari za "nilipie, nitakutumia" safari hii hapana.

Tutarushia kwenye alama nyekundu, zile rahisi za kuanzia. Za dhahabu tuwaachie mabingwa wa MVP Open, yale mashindano makubwa ya gofu ya diski yanayochezwa hapo. Ukianzia huko, shimo la kwanza tu (kila kikapu na njia yake tunakiita shimo) unavusha diski juu ya bwawa, na bwawa halirudishi kitu.

Wageni, diski tatu zinatosha: ya mbali, ya kati na ile ya kumalizia kwenye kikapu. Chukueni za rangi kali, maana ya kijani ikishaingia chini ya misonobari tutaitafuta mpaka jioni. Na msitumie nguvu nyingi. Ukirusha kwa mkono wa kulia, kiganja kikikuelekea, diski ikipungua kasi hukata kushoto, basi lenga kulia kidogo. Aliye mbali zaidi na kikapu ndiye anayerusha kwanza.

Kundi la mbele likiwa bado karibu, subirini. Diski ya kichwa si mchezo.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Alhamisi usiku. Wenye magari, semeni mna nafasi ngapi.