Wimbo wa Jumamosi

Habari za jioni, ndugu zangu wapiga fidla. Jumamosi tunaanza "Dust in the Wind" wa Kansas, bendi ya roki ya Marekani, wa mwaka 1977. Nimeuchagua kwa kuwa fidla imo kwenye rekodi yenyewe, aliipiga Robby Steinhardt, kwa hiyo hatuazimi sehemu ya gitaa. (Kerry Livgren, mpiga gitaa wa bendi aliyeutunga, aliuanza kama zoezi tu la vidole vya gitaa, na ona ulikofika!)

Wiki hii shikeni kipande cha fidla cha katikati tu. Kazi iko kwenye upinde: noti ni ndefu, na wengi wetu upinde huisha kabla ya noti. Vuteni polepole, msikandamize.

Aliyekatikiwa na uzi aniambie leo, si Jumamosi mlangoni.